SOMO: WANUNUZI WAWILI NA MTEGAJI



Katibu wa chama cha msingi hulisikia swali hili kila msimu: mnunuzi wa pembeni akitoa bei nzuri zaidi, kwa nini mwanachama asimwuzie? Swali hilo ni la haki, wala halijibiwi kwa kukemea. Tulitazame kwa kufuata biashara ya manyoya katika nchi ambayo leo ni Kanada, ambako makampuni mawili yalishindana kwa miaka mingi, kisha yakaungana.

Bidhaa ilikuwa ngozi ya biva, mnyama wa majini mwenye mkia bapa, ambaye manyoya yake laini ya ndani yalitengenezewa kofia huko Ulaya. Tarehe 2 Mei, 1670, Mfalme Charles wa Pili wa Uingereza aliipa Kampuni ya Hudson's Bay hati ya kufanya biashara peke yake katika nchi yote ambayo mito yake humwaga maji katika Ghuba ya Hudson. Wenyeji wa nchi hiyo, Wakrii na wengineo, hawakuulizwa.

Kampuni ilijenga ngome pwani, ikangoja mitumbwi ije. Fedha haikutumika. Kipimo cha thamani kilikuwa ngozi moja nzuri ya biva mkubwa, na kila kitu, bunduki, blanketi, sufuria na baruti, kilihesabiwa kwa ngozi hizo. London ilituma orodha ya bei, lakini wakala wa ngome alidai zaidi ya orodha, au alitoa kipimo pungufu. Ziada iliyopatikana iliingizwa vitabuni waziwazi, na sehemu yake ikawarudia wenyeji kwa jina la zawadi. Mweka hazina yeyote ataitambua hila hiyo ya kumtunuku mtu kwa mali yake mwenyewe. Wenyeji nao hawakuwa wajinga. Kabla ya biashara kufunguliwa, kiongozi wao alitoa hotuba, na katika hotuba hiyo alidai kipimo kilichojaa.

Kilichoyapa madai hayo nguvu ni kuwapo kwa mnunuzi wa pili. Wafaransa walipojenga vituo vyao bara katika miaka ya 1730, bei ya ngozi katika ngome ya York Factory ilipanda. Baada ya Ufaransa kuipoteza Kanada mwaka 1763, wafanyabiashara wa Montreal walizishika njia zile zile, na kuanzia 1779 wakajiunga kwa jina la North West Company. Wao hawakungoja pwani, bali walimfuata mtegaji huko huko aliko. Wabia wao walioishi bara walikuwa na hisa, na kila kiangazi walikutana na wenzao wa Montreal kuamua mambo ya kampuni. Mwajiriwa wa mshahara wa Hudson's Bay hakuwa na motisha ya namna hiyo. Kampuni yake nayo ililazimika kuingia bara, ikajenga kituo cha Cumberland House mwaka 1774.

Kwa mtegaji hiyo ilikuwa neema, tusikane. Aliweza kukopa huku na kuuza kule. Lakini bei nzuri ilifuatana na pombe kali, na biva walitegwa pasipo kuachiwa wa kuzaa. Ugomvi wa makampuni ukawa wa damu: tarehe 19 Juni, 1816, mahali paitwapo Seven Oaks, Gavana Robert Semple na watu wake wapatao 20 waliuawa katika mapigano na Wameti, watu wa uzao wa wenyeji na Wazungu, waliokuwa upande wa North West.

Mwaka 1821 makampuni hayo yaliungana kwa jina la Hudson's Bay. Katika mapatano, wakuu wa vituo vya bara walitengewa sehemu 40 katika kila 100 za faida. Mtegaji hakutengewa hata moja. Gavana George Simpson alifunga vituo vingi, akapunguza wafanyakazi kwa zaidi ya nusu, na zawadi zikabanwa. Kule ambako hakukuwa na mshindani, aliagiza biva wapumzishwe ili wazaane. Lakini upande wa kusini-magharibi, walikokuja wategaji wa Kimarekani, aliagiza wamalizwe kabisa ili mgeni asikute kitu. Mnyama ni yule yule. Amri ilifuata hesabu ya mnunuzi.

Mwaka 1849 Pierre-Guillaume Sayer, Mmeti, alishtakiwa katika mahakama ya Red River kwa kununua manyoya kinyume cha haki ya kampuni. Siku ya kesi Wameti hawakuja mmoja mmoja; walifika kwa mamia, wenye silaha, wakaizunguka mahakama. Sayer alionekana ana hatia, lakini hakupewa adhabu yoyote. Umati ukaondoka ukipiga kelele kwamba biashara ni huru, na tangu siku hiyo kampuni haikuweza tena kuitetea haki yake ya pekee katika mahakama hiyo.