Modemu Inapogoma: Tutafute Chanzo Hatua kwa Hatua

Ofisi ya parokia isiyofikiwa na intaneti ya waya hutegemea modemu ndogo ya USB yenye laini ya simu ndani yake. Kompyuta inayotumika mara nyingi ni ya zamani, na wapo walioiwekea Linux, mfumo endeshi wa jamii ya Unix, kwa kuwa ni wa bure na baadhi ya matoleo yake hayadai mashine yenye nguvu. Siku modemu ikigoma, barua haitumwi na fomu ya mwanafunzi haijazwi. Aliye Butiama atapanda gari hadi Makutano, kisha Musoma mjini, kutafuta huduma. Aliye kijijini Bunda naye atafunga safari ya mjini.

Kuna hasara kubwa kuliko nauli. Modemu ikigoma, neno la kwanza kusikika ni "bando limekwisha." La pili huwa swali: "Nani amelimaliza?" Hapo kijana anayesaidia ofisini huanza kutazamwa vibaya kabla hakuna aliyechunguza lolote. Somo hili linahusu namna ya kuchunguza kwanza.

Kosa la kimantiki

"Bando likiisha, kurasa hazifunguki." Hiyo ni kweli. Lakini kwa kuwa kurasa hazifunguki, hatuwezi kuhitimisha kwamba bando limeisha. Ni sawa na kusema: mvua ikinyesha uwanja hulowa, uwanja umelowa, basi mvua imenyesha. Huenda kuna mtu amemwaga maji. Matokeo moja yaweza kuwa na vyanzo vingi.

Njia halali ni kuondoa vyanzo kimoja kimoja. Mfano: modemu isipopata umeme, kompyuta haiioni. Kompyuta inaiona. Kwa hiyo umeme unaifikia. Chanzo hicho kimeondoka, tunaendelea na kingine. Aristotle alifundisha kwamba tunakijua kitu kweli tunapojua sababu yake, na hapa sababu inatafutwa kwa kupima.

Modemu hufanya nini?

Modemu za zamani ziligeuza data kuwa sauti na kuipitisha kwenye waya wa simu, kwa kasi isiyozidi kilobiti 56 kwa sekunde. Modemu nyingi za USB bado hufuata utaratibu ule wa kupiga simu: kompyuta huiamuru ipige *99#, kisha pande mbili huzungumza kwa itifaki iitwayo PPP. Mnyororo una pingili tano: kifaa, ruhusa, laini na mnara, mwito, na njia ya data. Tuzipime kwa mpangilio huo. Amri zote huandikwa kwenye dirisha la amri.

(Modemu nyingine za siku hizi hazipigi namba, hujitambulisha kama kadi ya mtandao na zina ukurasa wao wa mipangilio, kwa mfano 192.168.8.1. Kwa hizo, fanya hatua ya kwanza na ya tano, na mengine yaangalie kwenye ukurasa huo.)

Hatua ya 1: Je, kompyuta inaiona?

Chomeka modemu, kisha andika:

`lsusb`

Tafuta mstari wa modemu yako. Vifaa vya Huawei huanza na namba 12d1, vya ZTE 19d2. Kama mstari haupo, hamishia modemu tundu jingine, hasa la nyuma ya kompyuta, na uondoe waya wa kurefushia, maana umeme hafifu huiangusha.

Kama ipo, andika:

`sudo dmesg | tail -n 20`

Ukiona neno ttyUSB0, pingili hii ni nzima. Ukiona inatajwa kama CD-ROM tu, modemu bado inajionyesha kama diski yenye programu za Windows. Programu iitwayo `usb_modeswitch` ndiyo huigeuza iwe modemu. Ihakikishe imo kwenye kompyuta.

Hatua ya 2: Je, unayo ruhusa?

`ls -l /dev/ttyUSB*`

Kwenye Ubuntu utaona faili hizo ni za kundi la `dialout`. Mtumiaji asiye kwenye kundi hilo hukataliwa, hata kama modemu ni mpya na bando ni kubwa. Mwongeze hivi, kisha atoke kwenye akaunti yake na kuingia upya:

`sudo usermod -aG dialout $USER`

Hatua ya 3: Je, laini na mnara vinaelewana?

Programu ya `minicom` hukuwezesha kuongea na modemu yenyewe. Isakinishe pamoja na `wvdial` siku intaneti ipo, au kwa kuunganisha simu kwa waya. Zuia kwanza programu inayoweza kuing'ang'ania modemu:

`sudo systemctl stop ModemManager`

Halafu fungua `minicom -D /dev/ttyUSB0` na uandike `AT`. Jibu liwe OK. Kama kimya, jaribu ttyUSB1 au ttyUSB2. Kisha uliza:

- `AT+CPIN?` Jibu la READY ni zuri. SIM PIN maana yake laini inadai namba ya siri.
- `AT+CSQ` Namba ya kwanza ni nguvu ya mawimbi, kutoka 0 hadi 31. Chini ya 10 ni hafifu. Sogeza modemu dirishani. 99 maana yake kipimo hakipatikani.
- `AT+CREG?` Ukiona 0,1 laini imepokelewa na mtandao. 0,2 bado inatafuta. 0,3 imekataliwa; angalia kama usajili wake kwa alama za vidole uko sawa.

Toka kwa kubonyeza Ctrl na A, kisha X.

Hatua ya 4: Je, mwito unapokelewa?

Katika faili `/etc/wvdial.conf` weka:

`[Dialer Defaults]`
`Modem = /dev/ttyUSB0`
`Init1 = ATZ`
`Init2 = AT+CGDCONT=1,"IP","internet"`
`Phone = *99#`
`Username = a`
`Password = a`
`Stupid Mode = 1`

Neno `internet` ni jina la lango la mtandao, yaani APN. Thibitisha jina la kampuni ya laini yako. Hata kama mtandao haudai jina wala nenosiri, wvdial hutaka uandike chochote. Sasa piga:

`sudo wvdial`

Ukiona "local IP address" na namba, mwito umepokelewa. Ukiona NO CARRIER, mtandao haukukubali au umekata. Mara nyingi kosa liko kwenye jina la lango. Acha dirisha hilo wazi.

Hatua ya 5: Je, data inapita?

Fungua dirisha jingine:

`ip route`
`ping -c 3 8.8.8.8`
`ping -c 3 vatican.va`

Mstari wa `default` utaje ppp0. Kama namba inajibu lakini jina halipatikani, tatizo ni huduma ya kutafsiri majina; tazama `/etc/resolv.conf`. Kama njia ni sahihi na hakuna kinachojibu, sasa ndipo ni halali kuuliza habari za bando. Weka laini kwenye simu uangalie salio.

Jambo moja husahaulika: saa. Kompyuta ya zamani ambayo betri yake ndogo ya ndani imekufa huweza kuwaka ikiwa na tarehe ya miaka iliyopita. Kivinjari hukataa tovuti salama kwa kudhani vyeti vyake si halali. Andika `date`. Vocha haiponyi ugonjwa huo.

Mambo ya kushika

Badili kitu kimoja kwa wakati, kisha pima tena. Ukibadili vitatu na modemu ikakubali, hutajua kilichoponya, na ikigoma tena utaanza upya. Weka daftari kando ya kompyuta: tarehe, hatua iliyokwama, jibu la mashine, dawa iliyofaa. Atakayekaa kiti hicho baada yako atakushukuru.

Wakati wote huo, mwenzetu wa ofisini asihukumiwe kwa jambo ambalo `lsusb` ingelitolea jibu kwa sekunde moja. Fedha ya vocha ni sadaka ya waamini, na jina jema la mtu halinunuliwi kwa vocha.

Zoezi: Ofisi ina modemu inayotoa READY, mawimbi 18, na 0,1, lakini wvdial inaleta NO CARRIER. Ni vyanzo vipi vimekwisha kuondolewa? Ungeangalia nini kwanza, na kwa nini?