Mavi ya Chuma Darasani: Kufundisha Ufuaji wa Kale wa Madini

Katika mazoezi ya kufundisha tumewasikia mara nyingi wanachuo wakiwaambia watoto wa darasa la tano kwamba wahenga wetu walipita katika Zama za Mawe, kisha Zama za Shaba, hatimaye Zama za Chuma. Maneno hayo huandikwa ubaoni, watoto huyanakili, na somo huisha. Kasoro yake si ufupi. Kasoro yake ni kwamba kwa nchi yetu maneno hayo si ya kweli, na ushahidi wa kuyapinga hauko mbali na watoto wanaoyanakili.

Mpango huo wa zama tatu ulitungwa Ulaya. Christian Jürgensen Thomsen, mtunza makumbusho wa Copenhagen, aliwapangia Wadenmark vitu vyao vya kale kwa kufuata mawe, shaba nyeusi na chuma, akauchapisha mpango wake mwaka 1836. Kwa Denmark ulifaa. Shaba nyeusi ni mchanganyiko wa shaba na bati, aghalabu sehemu tisa za shaba kwa sehemu moja ya bati. Shaba tupu huyeyuka kwenye nyuzi 1,085 za Sentigredi. Ikitiwa bati kiasi hicho huyeyuka kwenye nyuzi 1,000 hivi, na ikipoa huwa ngumu zaidi. Lakini mitapo, yaani mawe yenye madini hayo, haipatikani kila mahali, na ni nadra mitapo ya shaba na ya bati kukaa pamoja. Hapa kwetu bati liko Kyerwa na Karagwe. Shaba nyingi iko Katanga na Zambia. Mtu wa pwani aliyetaka kuyachanganya hayo mawili alihitaji msafara wa miezi. Aliyetaka chuma aliupata mtapo wake katika udongo mwekundu wenye kokoto, au katika mchanga mweusi wa vijito. Hata Rooiberg, Afrika Kusini, ambako watu wa kale walichimba bati, walifanya hivyo karne nyingi baada ya chuma kujulikana huko.

Basi katika Afrika Mashariki watu walitoka kwenye zana za mawe wakaingia moja kwa moja kwenye chuma. Ushahidi upo. Huko Limbo, kusini ya Dar es Salaam, Felix Chami alichimbua mahali palipoyeyushiwa chuma katika karne za mwanzo baada ya Kristo, akachapisha habari zake mwaka 1992. Huko Dakawa, kando ya mto Wami, mto uleule tunaouvuka tukitoka Msata kwenda Segera, Randi Haaland na mwenzake Msuya walieleza mwaka 2000 habari za wafinyanzi na wafua chuma wa miaka elfu ya kwanza baada ya Kristo. Jambo hili lina uzito kwa mwalimu wa pwani. Kwa muda mrefu vitabu vilifundisha kwamba kila ufundi wa mwambao huu uliletwa na majahazi. Tanuri za Limbo ni za kale kuliko miji ya mawe kama Kaole kwa karne nyingi.

Wataalamu wanajuaje? Chuma chenyewe huoza kwa kutu. Kinachobaki ni uchafu wake, ambao wahunzi wetu huuita mavi ya chuma, na mwanachuo asione haya kulitumia neno hilo darasani, kwani ndilo lenyewe. Mtapo ukichomwa kwa makaa ndani ya tanuri, hewa ya kaboni monoksidi huondoa oksijeni katika mtapo. Chuma hakifiki kuyeyuka, maana kuyeyuka kwake kunahitaji nyuzi 1,538. Hubaki bonge zito lenye matundu kama sifongo. Taka zake ndizo zinazoyeyuka, kwenye nyuzi 1,200 hivi, zikatiririka na kuganda zikiwa na michirizi kama nta ya mshumaa. Jiwe jeusi, zito, lenye mapovu na michirizi ya namna hiyo, ni alama ya tanuri la kuyeyushia mtapo. Katika maabara hukatwa kipande chembamba, kikatazamwa kwa hadubini na kupimwa kikemia ili kujua mtapo ulitoka wapi na moto ulikuwa mkali kiasi gani. Makaa yaliyonasa ndani yake hupimwa kaboni 14, ambayo hupungua nusu kila baada ya miaka 5,730 hivi. Hapa mwalimu aangalie sana: kipimo hicho hutoa umri wa mti, si umri wa moto. Makaa ya gogo lililokuwa limezeeka hulifanya tanuri lionekane la kale kuliko lilivyo.

Mfano ulio bora kuliko yote kwa darasa ni wa Wahaya. Mwaka 1976 wazee wa Buhaya, ambao kwao kazi hii ilikuwa imekwisha kuachwa kwa sababu ya chuma rahisi cha ng'ambo, walijenga tanuri upya mbele ya Peter Schmidt na Donald Avery. Walichimba shimo, wakalikandika kwa udongo wa kichuguu, wakachoma ndani yake matete ya kinamasi mpaka yakawa makaa. Juu yake walijenga kuta kwa vipande vya mavi ya chuma ya zamani na udongo, wakaingiza mirija ya udongo, wakavukuta kwa mivukuto ya ngozi za mbuzi. Walipata chuma, na sehemu yake ilikuwa chuma cha pua. Schmidt na Avery waliandika mwaka 1978 kwamba hewa ilipata moto ndani ya mirija kabla ya kufika kwenye makaa, na kwamba ufundi huo ulikuwako Buhaya tangu karibu miaka 2,000 iliyopita. Katika miaka ya 1980 wataalamu wengine waliipinga hoja ya hewa moto, nao wakajibu. Twashauri ubishi huo ufundishwe pamoja na habari yenyewe. Mtoto akiambiwa tu kwamba Wahaya waliwashinda Wazungu, amepewa majivuno. Akionyeshwa mrija ulioungua, na jinsi watu wawili walivyousoma kwa njia mbili, amepewa sayansi.

Sasa tuje kwenye somo. Hatuna maabara, wala hatuihitaji. Vipindi viwili mfululizo vyatosha, na kifaa kikuu ni sumaku, ambayo hupatikana katika spika ya redio mbovu. Ifungeni sumaku ndani ya kitambaa, mwende na watoto kijitoni baada ya mvua, mahali ambapo maji yameacha michirizi myeusi juu ya mchanga. Chembe zinazorukia sumaku ni mtapo wa chuma. Zile nyeusi zinazobaki zisiitwe chuma kwa kubahatisha. Zipo chembe nzito za madini mengine.

Kisha nendeni kwa mhunzi, kwa ruhusa yake na baada ya kumpa shikamoo yake. Mhunzi wa leo hayeyushi mtapo; hufua majembe na mapanga kutokana na vyuma chakavu kama springi za magari. Hilo si kikwazo, bali ni nusu ya somo. Pitisheni sumaku chini ya fuawe: itainua magamba membamba yaliyoruka chini ya nyundo. Ombeni uchafu wa tanuri lake, ambao mara nyingi huwa na umbo la kibakuli. Wanaakiolojia hutumia alama hizo mbili kutofautisha mahali palipofuliwa chuma na mahali palipoyeyushiwa mtapo. Watoto wachore walichokiona katika safu moja, na wanachokikisia katika safu nyingine. Mwalimu asizichanganye safu hizo hata kwa haraka ya kengele.

Wako watakaotaka kuwapeleka watoto wakachimbe. Hilo hapana. Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 inakataza kuchimbua mabaki ya kale bila kibali, na kigae au bonge la taka likiokotwa na kupangwa juu ya meza ya mwalimu limepoteza nusu ya habari zake, kwa kuwa hakuna ajuaye tena lililala karibu na nini. Mtoto akikutana na kitu shambani kwao, akiache palepale, achore ramani ya hatua kutoka mti au njia iliyo karibu, na mwalimu apeleke habari kwa ofisa utamaduni wa wilaya.

Kwa zoezi la kupima tunapendekeza swali moja tu. Waambieni watoto kwamba mkulima ameona kando ya Wami bonge jeusi lenye michirizi, kipande cha mrija wa udongo kilichoungua, na vigae vitatu. Waulize: ni jambo gani tunaweza kulisema kwa hakika, na ni lipi tusiloweza kulisema mpaka makaa yapimwe? Anayejibu kwamba hapo paliyeyushiwa chuma apewe alama zake. Anayetaja mwaka asipewe.