Somo kwa Wafugaji: Sungura Ambaye Tumbo Halimtulii

Katika vyama vingi vya msingi wamo wanachama wanaofuga sungura. Wengine hufuga kwa ajili ya nyama na mbegu. Wengine wanao wawili watatu tu, ambao watoto wamekwisha kuwapa majina na hawakubali wachinjwe. Wote hao hukutana na shida moja. Sungura hafi, wala haponi. Wiki hii anaharisha, wiki ijayo anakula vizuri, kisha anajikunyata tena pembeni mwa kizimba. Mwenyewe hununua dawa, pengine kwa fedha za mkopo, na mwisho wa msimu huona kuwa dawa zimekula fedha kuliko thamani ya mnyama. Maradhi ya namna hiyo, kwa sehemu kubwa, huanzia katika chombo cha chakula, na huko ndiko yapasa yatafutiwe tiba.

Kwanza afahamike mnyama mwenyewe. Sungura wa hadithi, yule mjanja, ni wa porini. Huyu wa kizimbani ni wa ukoo mwingine, ambao asili yake ni Hispania na Ureno, na ujanja wake wote umo tumboni. Mwanzoni mwa utumbo wake mpana upo mfuko ambao ni mkubwa kuliko tumbo la chakula lenyewe. Humo wamo vijidudu wasioonekana kwa macho, wanaochachua majani na kuyafanya lishe. Nyuzinyuzi ngumu haziingii humo. Hupita upesi zikausukuma utumbo, zikatoka kama gololi kavu. Chembe laini hurudishwa mfukoni, na baada ya saa kadhaa hutoka zikiwa zimeshikamana kama kichala cha zabibu ndogo, chenye ute. Kichala hicho sungura hukila palepale kinapotoka, wakati wa utulivu, kwa hiyo wafugaji wengi hawajapata kumwona akifanya hivyo. Si uchafu wala ugonjwa. Ndiyo sehemu ya chakula chake.

Hapa ndipo kosa kubwa hutokea. Mfugaji huona uji mweusi umeganda mkiani, akasema sungura anaharisha. Lakini akichungulia chini ya kizimba, gololi kavu zipo kama kawaida. Huko si kuharisha. Ni kile kinyesi laini ambacho hakikuliwa. Ama kimekuwa chepesi mno kwa sababu ya wanga na vitu vitamu, ama sungura amenenepa au ana vidonda vya miguu, hawezi kujikunja akakifikia. Dawa ya kuharisha haitamsaidia hata kidogo. Kuharisha kwenyewe ni kinyesi cha majimaji bila gololi yoyote, na huko ni hatari ya siku hiyohiyo, hasa kwa watoto walioachishwa kunyonya karibuni.

Tiba ya tumbo lisilotulia, basi, ni nyasi. Sungura mzima yapasa awe na nyasi mbele yake mchana na usiku: ukoka, mabingobingo, au nyasi zilizokaushwa. Nyasi za kukausha hukatwa kabla hazijatoa mbegu, zikaanikwa na kugeuzwa hadi zikauke kabisa, kisha zikawekwa mahali pasipovuja. Zenye ukungu zitupwe. Kadhalika majani mabichi yaliyolundikwa yakapata joto yasitolewe, hata kama yametoka mbali na yalibebwa kwa taabu. Pumba na chakula cha kununua kisizidi gramu 25 kwa siku kwa kila kilo ya uzito wa sungura mzima asiyenyonyesha. Mwenye tumbo bovu apunguziwe zaidi, au aachishwe kabisa kwa muda. Makombo ya ugali, mkate na ndizi mbivu ndiyo adui, ingawa sungura huyapenda na watoto hufurahi kumpa. Mabadiliko yafanywe polepole, kwa siku 7 hadi 14, maana wale vijidudu wa mfukoni hawapendi kushtushwa. Maji safi yasikosekane. Sungura wa kilo tatu aweza kunywa hadi karibu nusu lita kwa siku.

Nyasi zina kazi nyingine pia. Meno ya sungura hukua maisha yake yote, na kutafuna nyasi ndiko kunakoyasaga. Asiyetafuna meno humchoma ulimi na mashavu, akala kidogo, na utumbo ukapoa. Dalili ya utumbo uliopoa ni gololi ndogo, chache, ngumu. Sungura asiyekula kwa saa 12 asingojewe kesho. Na asishindishwe njaa kwa kudhani tumbo litapumzika, kwa kuwa njaa huliharibu ini lake. Apewe majani makavu yaliyosagwa na kuchanganywa na maji, kidogo kidogo, kwa bomba lisilo na sindano. Lakini tumbo likiwa limejaa na kukaza kama ngoma, asilazimishwe kula. Apelekwe kwa Bwana Mifugo mara moja. Sungura hawezi kutapika.

Kuhusu dawa, jambo moja lisisahauliwe: penisilini, ampisilini na amoksilini zikipitia mdomoni huua vijidudu wema wa mfukoni, na sungura aweza kufa kwa dawa aliyopewa kumponya. Dawa zilizobaki za binadamu au za kuku zisijaribiwe.

Zipo pia shida ambazo nyasi peke yake hazitaziondoa. Watoto wanaokonda huku matumbo yakiwa makubwa, au ini lenye madoa meupe aonekanapo sungura aliyechinjwa, ni dalili za koksidia, ambazo huenezwa na kinyesi kilichochanganyika na chakula. Hapo sakafu ya kizimba iwe ya kupitisha kinyesi, na nyasi ziwekwe katika hori lililoinuliwa.

Katibu wa chama atafanya vema kuwagawia wafugaji karatasi yenye safu nne: tarehe, namba ya kizimba, chakula kilichotolewa, na hali ya kinyesi. Ombi lolote la fedha za dawa za sungura liambatane na karatasi hiyo ya wiki mbili zilizopita. Bwana Mifugo akihitajiwa, apelekewe karatasi pamoja na kinyesi cha asubuhi hiyo katika kichupa safi kilichofungwa, chenye namba ya kizimba juu yake.