Kununua na Kuuza Motokaa Iliyopinda Mifupa Ikanyooshwa

Mtu anunuapo ng'ombe humtazama meno na kwato, tena humtembeza kidogo aone kama anachechemea. Lakini mtu huyo huyo akienda kununua motokaa, mara nyingi hutazama rangi, akasikiliza injini, akatoa fedha. Katika somo hili tutaeleza habari za motokaa iliyogongwa hata mifupa yake ikapinda, kisha ikanyooshwa na kuuzwa tena.

Kwanza yafaa kujua mifupa hiyo ni nini. Katika malori, na katika magari kama Toyota Hilux na Land Cruiser, vipo vyuma viwili virefu chini ya gari, vilivyounganishwa kwa vyuma vya kukingama. Mafundi huviita chesisi, na bodi hufungwa juu yake kwa bolti. Motokaa ndogo nyingi, kama Toyota Corolla, hazina chesisi ya namna hiyo. Bodi na mifupa ni kitu kimoja cha mabati yaliyokunjwa na kulehemiwa. Bampa, boneti, milango na madigadi ya mbele si mifupa, na vikiharibika hubadilishwa bila madhara makubwa. Basi mwuzaji akisema, "Liligongwa kidogo tu," mwulize ni chuma gani kilichoguswa.

Sababu ya kuuliza ni uhai wa watu. Sehemu za mbele na za nyuma za motokaa hutengenezwa kwa makusudi zikunjike wakati wa kugongana, ili nguvu ya pigo iishie hapo isiwafikie waliomo ndani. Mhandisi Béla Barényi wa Mercedes-Benz aliandikisha fikira hiyo mwaka wa 1951, na motokaa za kwanza za kampuni hiyo zilizojengwa hivyo zilitoka mwaka wa 1959. Chuma kilichokwisha kukunjika kikinyooshwa huonekana kizima, lakini hakitapokea pigo la pili kama kilivyokusudiwa. Tena vyuma vigumu vya motokaa za siku hizi hupoteza nguvu vikipashwa moto mkali. Fundi anayevichoma kwa gesi mpaka viwe vyekundu, apate kuvipinda upesi, amevidhoofisha, hata kama kazi yake yapendeza macho.

Hatusemi kwamba kila motokaa iliyotengenezwa mifupa ni mbovu. Ikifungwa juu ya meza maalum ya kunyooshea, ikavutwa bila moto huku ikipimwa, na kipande kilichokunjika sana kikakatwa na kuwekwa kipya pale kiwanda kinaporuhusu, yaweza kutumika miaka mingi. Ubaya ni ule wa kazi iliyofanywa kwa nyundo na kukisia, ikafunikwa kwa puti na rangi.

Tuseme mwalimu amekopa fedha katika chama cha akiba na mikopo, naye ameonyeshwa motokaa safi kwa bei nafuu. Aitazame mchana, ikiwa kavu. Asimame mbele yake, kisha kando, na kulinganisha nafasi kati ya milango na bodi, kulia na kushoto. Upande mmoja ukiwa mpana na wa pili mwembamba, ipo sababu. Afungue boneti atazame vichwa vya bolti za madigadi: rangi iliyochubuka yaonyesha kwamba spana imepita hapo. Afunue zulia la buti. Kiwanda hulehemu kwa vidoti vilivyopangwa sawasawa. Mstari mnene wa kulehemu, au bati lenye makunyanzi, ni kazi ya gereji. Sumaku ndogo iliyofungwa kitambaa haishiki vizuri penye puti nyingi.

Kisha motokaa ipandishwe juu ya shimo la fundi. Huko chini yapo matundu yaliyotobolewa na kiwanda. Fundi apime kwa utepe kutoka tundu la mbele la kulia hadi la nyuma la kushoto, halafu kinyume chake. Tofauti ya milimita 2 au 3 huvumilika. Ikifika milimita 10, mifupa imekwenda upande. (Motokaa nyingine hazifanani pande zote kwa asili, kwa hiyo fundi mwangalifu hufuata vipimo vya kiwanda.) Mwisho, maji yamwagwe mahali tambarare, motokaa ipite polepole moja kwa moja, na mwalimu azitazame alama za matairi. Alama za nyuma zikitokeza upande mmoja tu, motokaa hiyo yaenda mshazari kama mbwa anayekimbia.

Motokaa nyingi za Kenya zilitumika kwanza Japani na kuuzwa huko mnadani. Minada mingi ya Japani huandika herufi R au RA katika karatasi ya mnada ikiwa motokaa imewahi kutengenezwa mifupa. Mwombe mwuzaji karatasi hiyo, na nambari ya chesisi iliyomo ilingane na ile iliyopigwa katika chuma. Kuuliza habari za gari kwa NTSA ni lazima vilevile, lakini kazi yake ni kukuonyesha mwenye gari, si kukupimia vyuma.

Sasa neno kwa mwuzaji. Sheria ya Kenya ya mwaka wa 2012 ya kuwalinda watumiaji inamkataza mfanyabiashara kusema uwongo juu ya hali ya bidhaa, au kunyamazia jambo kubwa kwa kudanganya. Hata mtu binafsi auzaye gari lake aweza kushtakiwa akidanganya. Weka picha za gari lilivyokuwa kabla ya kutengenezwa, na stakabadhi za fundi. Andika katika mkataba ni sehemu gani iliyonyooshwa, ninyi wawili mtie sahihi. Bei itashuka, ni kweli. Lakini mnunuzi hatarudi mlangoni kwako na wakili.

Na kama vipimo vimekataa kabisa, msipatane bei ya gari. Injini, gia, milango na magurudumu yaliyo mazima vyaweza kuuzwa kimoja kimoja kama vipuri, na chuma kilichobaki kipelekwe kwa wanunuzi wa vyuma vikuukuu.