Saratani ya tumbo: majibu ya damu yanasema nini kabla ya upasuaji

Kabla ya kupasuliwa, mgonjwa wa saratani ya tumbo hutolewa damu. Karatasi ya majibu ina viashiria vinavyomsaidia daktari kukadiria uwezekano wa mgonjwa kuishi miaka mingi baadaye. Vifahamu, kwani vingine hurekebishika.

Albumini. Protini hii hutengenezwa na ini. Hupungua mgonjwa asipokula vya kutosha, na pia ugonjwa unapouchosha mwili. Ikishuka chini ya gramu 30 kwa lita wakati ini na figo ni nzima, hali ya lishe ni ya hatari.

Chembe nyeupe. Limfosaiti hupambana na seli za saratani. Nyutrofili, aina nyingine ya chembe nyeupe, zikizidi mno limfosaiti, matumaini ya kuishi muda mrefu hupungua.

Alama ya lishe. Mwaka 1984 Onodera na wenzake, madaktari wa Japani, waliunganisha albumini na limfosaiti. Chukua albumini kwa gramu kwa lita, ongeza limfosaiti (bilioni kwa lita) mara 5. Mwenye albumini 38 na limfosaiti 1.6 anapata 38 + 8, yaani 46. Wao waliona kwamba chini ya 40, kukata na kuunga utumbo ni hatari.

CEA na CA 19-9. Alama hizi za saratani katika damu zikiwa juu sana, huenda saratani imesambaa. Lakini sigara hupandisha CEA, na kuziba kwa njia ya nyongo hupandisha CA 19-9.

Usijihukumu kwa namba moja

Malaria, nimonia, VVU na dawa kama prednisolone hubadilisha chembe nyeupe. Mwambie daktari unachougua na unachotumia. Kinachoamua zaidi ni hatua ya saratani: imepenya ukuta wa tumbo kiasi gani, imefika kwenye tezi ngapi za limfu, na kama imekwenda kwenye ini au kwingineko.

Muulize daktari

- Albumini yangu ni ngapi? Damu je, inatosha?
- Nimepungua kilo ngapi kwa miezi 6?
- Je, nipate kwanza lishe maalumu?

Swali la mwisho lina uzito. Kwa mwenye utapiamlo mkali, miongozo ya lishe ya wapasuaji hushauri siku 7 hadi 14 za kulishwa vizuri kwanza, hata kama upasuaji utasogezwa mbele. Jamaa wasione kwamba muda huo unapotea: ni sehemu ya tiba.