Shamba la Shule na Mvua za Kwanza



Huko Ulaya, Oktoba ni mwezi wa majani kupukutika, na watoto wa shule hutoka nje kuyaokota na kuyachunguza. Kwetu Kasulu na Kibondo miyombo imekwisha kuchipua majani mekundu, na mvua za kwanza zaja. Basi somo letu na lianzie hapo.

Kila mtoto apande mbegu tano za maharagwe, aupime mche kila juma na kuandika kimo chake. Maua yatokeapo, na ang'oe mche mmoja taratibu, autazame mzizi. Ataona vifundo vidogo. Na apasue kimoja: ndani kikiwa chekundu, vijidudu vilivyomo vyafanya kazi, vyatwaa naitrojeni hewani na kuulisha mmea. Kikiwa cheupe au cha kijani, havifanyi kazi hiyo.

Mwaka 1967 Mwalimu Nyerere alipotoa waraka wa Elimu ya Kujitegemea, alitaka shamba liwe sehemu ya masomo. Lakini jembe likiwa adhabu ya mchelewaji, mtoto hujifunza neno moja tu, ya kwamba kulima ni fedheha. Naye kesho atalidharau shamba lililomlea.

Bwana wetu alipofundisha habari za Ufalme alitaja mbegu na udongo (Marko 4), vitu ambavyo wasikilizaji wake walivijua kwa mikono yao. Basi, walimu, msiadhibu kwa jembe. Nanyi wazazi, jioni mwulizeni mtoto: Leo umeona nini shambani?