Kirukia Juu ya Mti wa Avoka

Katika nyua za Kivu mti wa avoka hupendwa sana, maana hulisha watu wa nyumba pamoja na wageni wao. Lakini mara nyingine juu ya tawi lake huonekana kichaka kidogo chenye majani yasiyo ya avoka. Ndicho kirukia. Hakuna mtu aliyekipanda, wala hakina mzizi katika udongo.

Jinsi kinavyoingia. Mbegu ya kirukia imezungukwa na ulimbo. Ndege hula tunda lake, kisha huitema mbegu au huipangusa kwa mdomo juu ya tawi, nayo hunata hapo. Ikiota hutoboa ganda la mti, huingia ndani kabisa, na kunyonya maji ambayo mti umeyapandisha kutoka ardhini kwa kazi yake mwenyewe. Maua yake huweza kuwa mekundu na ya kupendeza, hata asiyejua huyasifu. Lakini tawi hudhoofika, matunda hupungua, na mwishowe tawi huweza kukauka.

Jinsi ya kukiondoa. Mkulima mvivu hupanda juu akavunja kichaka kwa mkono. Kwa miezi michache mti huonekana safi. Lakini mzizi wa kirukia umebaki ndani ya tawi, nao huchipuka tena. Mkulima mwenye akili hukata tawi lenyewe, kama sentimeta 30 kutoka pale kiliposhika, kwa upande wa shina, kabla matunda ya kirukia hayajaiva. Huona uchungu, maana pengine tawi hilo lina avoka nyingi. Lakini afadhali kupoteza tawi kuliko kupoteza mti. Na kama kirukia kimeshika shina, ambalo haliwezi kukatwa, hukikata kila kinapochipuka, bila kuchoka.

Fundisho kwa roho. Dhambi nayo huingia ikiwa ndogo, hupendeza macho, na huishi kwa nguvu za roho isiyo yake. Mtu amesogeza mpaka wa shamba la ndugu yake. Kila mwaka, Pasaka ikikaribia, huungama hasira na matusi ya ugomvi ule. Lakini shamba angali analilima, na watoto wake wanakula mihogo yake. Mtu huyo amevunja majani tu.

Kanisa hufundisha kwamba mwenye kutubu hujuta, huungama na kufanya malipizi. Na aliyechukua mali ya mwenzake lazima airudishe. Zakeo, katika Injili ya Luka, sura ya 19, hakutoa machozi matupu: aliahidi kurudisha mara nne kwa yeyote aliyemdhulumu. Kurudisha mpaka mahali pake ndiko kukata tawi. Huuma, kwa kuwa tawi hilo linazaa. Lakini asiyelikata leo atalikuta kesho limeambukiza mengine: watoto wataurithi ugomvi pamoja na shamba. Na mwenye dhambi ya mazoea, iliyoshika shina, asikate tamaa. Arudi katika Kitubio mara kwa mara, na neema ya Mungu itamshinda yule mgeni.

Maswali

1. Kwa nini haitoshi kuvunja kirukia kwa mkono?
2. Mtu wa mfano huu aliungama nini, naye aliacha nini?
3. Ni tawi gani ambalo mkristu huogopa kulikata kwa sababu linamletea faida?